Anayeomba MBA naye akikague chuo

Mfanyabiashara wa Bujumbura hanunui kitu asichokiona. Mchele hushikwa mkononi, ndagala hunuswa, kitenge hukunjuliwa na kutazamwa upande wa nyuma. Bidhaa inayolipiwa ikiwa imefungwa ni belo la mitumba, na kila muuza mitumba anaikumbuka siku aliyofungua belo akakuta makoti mazito ya baridi ya Ulaya. Ajabu ni kwamba watu hao hao, au watoto wao waliosoma, wanapotaka shahada ya uzamili katika usimamizi wa biashara, ile iitwayo MBA, hukinunua chuo kama belo. Hulipa ada ya maombi, hujibu maswali ya usaili kwa woga, hutuma fedha, kisha ndipo hufungua.

Na fedha hizo si za mchezo. Mwajiriwa wa benki huenda akalipiwa na benki yake. Mwenye duka hulipa kwa mtaji, na ada anayotuma ni magunia ambayo hayatanunuliwa msimu huo. Tena chuo cha nje hakitaki franka za Burundi. Ada hutajwa kwa shilingi ya Kenya, ya Uganda au ya Tanzania, au kwa dola, na anayeishi Bujumbura anajua vizuri kwamba bei ya dola benki na bei ya dola mtaani ni vitu viwili tofauti. Anayepiga hesabu ya miaka miwili ya masomo kwa kiwango cha benki, huku dola zenyewe atazitafuta mtaani, ameshakosea kabla ya kujaza fomu.

Vyuo vya kuombwa vipo, na havipo mbali. Nairobi kuna Shule ya Biashara ya Strathmore pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi. Kampala kuna MUBS pale Nakawa. Dar es Salaam kuna Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu, na Arusha kuna ESAMI, taasisi ambayo mizizi yake inarudi hadi Jumuiya ya zamani iliyovunjika mwaka 1977. Ndani ya Burundi kwenyewe kuna Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza mwaka 1964, na vyuo binafsi kama Hope Africa na Lumière, ambako wengi wa waombaji hawa walipata shahada zao za kwanza.

Usaili wenyewe hauna siri kubwa. Mwombaji huulizwa amefanya nini tangu alipomaliza shule, kwa nini anataka MBA, kwa nini sasa, na kwa nini chuo hicho. Kisha yanakuja maswali ya matukio: eleza siku ambayo mpango ulivunjika, eleza ulivyomshawishi mtu aliyekupinga, eleza hasara uliyopata na ulichokifanya baadaye.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa Bujumbura hujiangusha mwenyewe. Anamwona mwenzake aliyetoka benki au shirika la kimataifa akiwa na cheo, barua ya mwajiri na picha ya kitambulisho kifuani, naye anajiona hana kitu. Anasema tu, "Nasaidia kwenye duka la familia." Sentensi hiyo ina adabu zote za nyumbani. Biashara ni ya baba, au ya mama mdogo aliyemlea, na kusema "mimi nilifanya" mbele ya wageni huonekana ni kujikweza. Lakini msaili hapimi adabu hiyo. Anataka kujua mwombaji mwenyewe aliamua nini, lini, na matokeo yakawa nini.

Na maamuzi yapo tele. Soko Kuu la Bujumbura lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, wapo waliopoteza meza, bidhaa na daftari la madeni kwa asubuhi moja, wakaanza upya. Mei 2023 franka iliposhushwa thamani, kila mwenye shehena njiani ilibidi aamue kama apandishe bei siku ile ile na kupoteza wateja, au asubiri na kula hasara. Januari 2024 Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda, aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Kampala kwa njia hiyo ilimlazimu kuzungukia Tanzania na kuingilia Kobero, kwa nauli nyingine, siku nyingine za safari na wakala mwingine wa forodha. Vitabu vya usimamizi huyaita mambo hayo majina marefu. Aliyeyafanya anaweza kuyaeleza kwa dakika tatu, mradi ayaeleze kwa tarakimu: magunia mangapi, siku ngapi, wadaiwa wangapi walilipa na wangapi walihama mtaa.

Tarakimu hizo zinahitaji karatasi. Barua ya mwajiri haipo, lakini namba ya mlipa kodi ipo, risiti za OBR zipo, hati za forodha zipo, taarifa ya benki ipo. Hata muuzaji mdogo ana ushahidi. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya unatoa cheti cha uasilia kwa shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000, na rundo la vyeti hivyo vya miaka mitatu linaonyesha kazi kuliko barua yoyote ya mkurugenzi. Anayepita njia za panya, kwa upande wake, atafika kwenye usaili akiwa na maneno matupu. Hiyo ni gharama ya magendo ambayo haitajwi sana mipakani.

Kikwazo kingine ni lugha, na hapa lawama si ya mwombaji peke yake. Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa, anayeongea Kirundi nyumbani na Kiswahili sokoni Ruvumera, husailiwa kwa Kiingereza, lugha iliyopewa hadhi ya lugha rasmi Burundi mwaka 2014 lakini ambayo wengi bado hawajaizoea mdomoni. Vyuo vina hoja: masomo ni kwa Kiingereza, na asiyeweza kujieleza dakika 30 atateseka miaka miwili. Ni kweli. Lakini Kiingereza kina mitihani yake, na mtu anaweza kupimwa lugha siku moja na akili ya biashara siku nyingine. Chuo kinachojitangaza kuwa cha Afrika Mashariki nzima, huku mkataba wa Jumuiya ukikitambua Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wake, kingeweza kuruhusu nusu ya usaili iwe kwa Kiswahili. Pengine kingegundua kwamba aliyebabaika saa tatu asubuhi kwa Kiingereza ndiye mwenye hesabu kali kuliko wote chumbani.

Kuhusu kukitembelea chuo, mwombaji wa Bujumbura ana bahati asiyoitumia. Mwenzake anayeomba INSEAD kule Fontainebleau anahitaji viza ili akaone tu jengo. Kwa Nairobi, Kampala, Arusha au Dar es Salaam Mrundi haombi viza. Soko la Pamoja lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na wafanyabiashara wanasafiri njia hizo kila mwezi kufuata bidhaa. Kuongeza siku moja ya kukaa nyuma ya darasa ni gharama ya chumba cha usiku mmoja.

Siku hiyo itumiwe vizuri. Ofisa wa udahili atatoa kijitabu chenye picha za wanafunzi wanaocheka. Wenye habari wako kwenye mgahawa wa chuo, hasa wale wa mwaka wa mwisho. Hao ndio wa kuulizwa tasnifu husahihishwa baada ya muda gani, kwa sababu kozi ya miaka miwili iliyogeuka minne kwa kumsubiri msimamizi si hadithi ngeni katika kanda hii. Waulizwe pia mifano inayosomwa darasani ni ya nani. Kama muhula mzima ni viwanda vya Marekani, na hakuna hata kisa kimoja cha lori lililokwama Kabanga au cha wadeni wa Uvira, mwombaji ajue atalazimika kujitafsiria mwenyewe.

Ofisini nako yapo ya kuuliza. Je, ada ya raia wa Jumuiya ni ile ya mwenyeji au ya mgeni? Vyuo havifanani, na jibu lichukuliwe kwa maandishi. Je, shahada ya kwanza ya miaka mitatu ya mfumo wa BMD inakubalika bila masharti? Kila nchi ina chombo chake cha kutambua shahada za nje, kama TCU kwa Tanzania na NCHE kwa Uganda, na karatasi za Kifaransa huhitaji kutafsiriwa kwanza. Je, masomo ni ya jioni kila siku? Ratiba ya jioni imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayefanya kazi Nairobi. Mwenye duka Buyenzi atafaa zaidi kwenye kozi ya vipindi vya wiki moja moja, ili duka lisifungwe. Na kama shida yake hasa ni kuandika vitabu vya hesabu, hahitaji MBA kabisa; kozi fupi ya uhasibu itamtosha na mtaji utabaki.

Wakuu wa nchi walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu tarehe 20 Mei 2017, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala ndilo lililopewa kazi ya kulisukuma. Msukumo huo ungefika Bujumbura kwa njia rahisi. INSEAD huwatumia wahitimu wake kuwasaili waombaji huko huko waliko, na huwa wawili. Vyuo vya Nairobi, Kampala, Arusha na Dar es Salaam vina wahitimu katika benki, forodha na mashirika ya Bujumbura. Mhitimu anayemsaili mwombaji ofisini Rohero ataelewa bila kuelezwa kwa nini bei ya sukari ilibadilika mara mbili kwa wiki, na mwombaji atakuwa na mtu wa kumuuliza maswali yake bila kusubiri basi la Kobero. Baraza lingeweza pia kuchapisha kila mwaka ada ya kila chuo kwa raia wa Jumuiya na muda halisi ambao wanafunzi wa MBA huutumia hadi kuhitimu. Kwa sasa taarifa hizo mwombaji huziokota kwa kuuliza watu mgahawani.