Most Wanted ya 2012 ilitupa magari ya bure, ikatunyima Razor

Wadau, najua kuna watakaonirushia mawe, lakini acha niseme tu: Need for Speed: Most Wanted ya 2012 haiifikii ile ya 2005. Hata kwa mbali.

Ile ya kwanza inaanza kwa kukuudhi. Uko Rockport na BMW M3 GTR yako, ya rangi ya fedha na bluu, unajiona mfalme. Razor na watu wake wanaichezea, inakufia katikati ya mbio, anaichukua. Halafu anapanda nayo hadi namba moja kwenye Blacklist! Wewe unaanza upya na kigari cha kawaida, tuseme Fiat Punto, na mbele yako kuna watu 15. Kila mmoja ana jina na ana mdomo. Ukimkalisha mmoja, hesabu ni moja tu: wamebaki wangapi nimfikie yule jamaa?

Njoo 2012. Kazi wakapewa Criterion, wale wa Burnout, na kusema kweli picha ni kali, na kona unazikata hadi raha. Lakini Fairhaven haina mtu wa kumchukia. Wapinzani wako 10 ni magari tu, dereva humjui. Magari mengine yamepaki mtaani, unasogea, unachukua, unasepa. Bure kabisa. Hata kupamba gari hakuna. Ukipita gereji inakupakia rangi inayotaka yenyewe.

Kilichoniuma zaidi ni M3 GTR. Ilikuja baadaye kwenye pakiti ya ziada, ya kulipia. Yaani gari tuliyoipigania gemu nzima, wao wameibandika bei!

Wapo wanaosema gemu ya mbio ni mbio, stori tuwaachie watu wa muvi. Sawa. Ila mbio ileile niliirudia mara kumi, saa nane usiku, kesho yake nina shule, na haikuwa kwa sababu ya picha. Ilikuwa hasira. Nilitaka changu. Sasa ukishaokota Porsche barabarani, unakesha kwa ajili ya nini?

Wakitaka kutuletea nyingine, wasianze na orodha ya magari. Waanze kwa kutunyang'anya moja.

Haya, semeni ukweli: siku mnamkalisha Razor mlikuwa na gari gani?