Dagaa wa mchangani
Wiki hii, mvua ilipoanza kudondoka kwenye mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, akina mama walikimbilia kuzoa dagaa walioanikwa mchangani. Aliyechelewa aliambulia samaki waliolowa, wamejaa mchanga, wa kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Anayeamini kwamba njaa huletwa na ukame peke yake angefika pale ajionee. Mwaka 2024, kwa makubaliano na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia, Tanzania ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, na mwandishi wa safu hii anauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Lakini ziwa hujaza mtumbwi, halijazi chungu. Mwanauchumi Amartya Sen, aliyeishuhudia njaa ya Bengali ya 1943 akiwa mtoto, alionyesha kwamba watu hufa njaa hata chakula kikiwapo, wakikosa uwezo wa kukipata. Kumtaka mvuvi avumilie miezi mitatu, kisha kuacha alichovua kioze kwa kukosa vichanja vya kuanikia vya miti na nyavu, ni kumdhulumu yeye na watoto wa mji jirani wa Ujiji pamoja. Halmashauri zijenge vichanja hivyo, na vyenye paa, kabla ya masika.