Usiondoke Mpaka Simu ya Muuzaji Ilie

Wiki ya Krismasi tulikuwa Shimoni. Ukitoka Diani unapita Msambweni na Ramisi, ukifika Kanana unakata kushoto mpaka baharini. Wenyeji wengi ni Waislamu, kwa hiyo Krismasi si sikukuu yao, lakini ni msimu wao. Wageni huja kuona mapango ambamo inasemekana watumwa walifungiwa zamani, kisha hupanda mashua kwenda Wasini au kuangalia pomboo Kisite. Karibu na gati kina mama walikuwa wametandika bidhaa: vikapu vya ukili, leso, achari ya maembe, viazi karai vya moto.

Soko ni dogo, lakini siku hizi hela nyingi hupita kwa simu. Na hapo ndipo tulipoona jambo lililotuuma.

Jamaa mmoja alichagua vikapu viwili na leso, jumla shilingi 1,800. Akabonyeza simu, akamwonyesha mama skrini. "Imeshatoka, mama, tazama."

Mama akaangalia simu yake ya vibonye. Kimya. "Ngoja kidogo mwanangu, yangu haijalia."

"Kwani mimi mwizi? Mashua inaniacha!"

Mama akaona haya, akamwachia. Tuliporudi kutoka Wasini saa kumi, meseji haikuwa imeingia na salio lilikuwa lile lile.

Hatujui kama yule jamaa ni tapeli au alikosea namba. Kwa mama ni mamoja: mzigo umeondoka, hela hakuna.

Kila mara tunawaambia wauzaji wasiamini skrini ya mteja. Ushauri ni mzuri, lakini tunaona tumeutupia upande usiofaa. Muuzaji anamhitaji mteja, na Pwani mgeni hafukuzwi wala hashukiwi hadharani. Atamwambiaje angoje? Kwa maoni yetu, wa kungoja ni mnunuzi, na aseme yeye kwanza: "Angalia simu yako mama, nasubiri." Neno hilo likitoka kwako, yeye hana tena haja ya kuona haya.

Na sisi tuna lawama yetu. Watu wa malipo ya simu tumesifu kasi mpaka wateja wakadhani kulipa ni kubonyeza tu na kwenda zako. Malipo yamekamilika pale yanapomfikia mwenyewe.

Basi msimu huu fanya hivi. Lipa mapema, usingoje nahodha aanze kuita. Unapolipa, soma jina linalotokea na umuulize muuzaji kama ni lake. Mtandao ukisumbua, uwe na noti kadhaa mfukoni. Ukigundua umekosea namba, pigia huduma kwa wateja papo hapo, si jioni ukishafika hotelini.

Na wewe muuzaji, meseji ikija kutoka namba ya kawaida ya mtu, usiihesabu. Angalia salio lako mwenyewe, hata kama mteja amenuna.

Dakika mbili haziharibu safari ya mtu. Shilingi 1,800 zinaweza kuharibu wiki nzima ya mama aliyesuka vile vikapu. Muulize, "Imeingia, mama?" Akikujibu imeingia, chukua kikapu chako ukapande mashua.