Nzi Wanaofia Ukutani: Si Sumu, ni Ukungu

Siku za mvua na ubaridi, kama zile zinazotupata hapa Babati chini ya mlima Kwaraa, huenda ukakuta nzi amekufa huku amenata ukutani au kwenye kioo cha dirisha. Usikimbilie kusema kuwa jirani amekutilia sumu. Tazama kwanza. Nzi aliyekufa kwa sumu huanguka chini, mara nyingi chali. Huyu amenata kwa mdomo wake, mabawa ameyainua, tumbo limevimba na lina mistari myeupe, na pembeni yake kuna unga mweupe mwembamba. Unga huo ni mbegu za ukungu, ndugu yake yule unaoota juu ya mahindi yaliyolowa.

Mbegu ikimnata nzi hupenya ngozi na kukua mwilini. Baada ya siku 5 hadi 7 hivi nzi hupanda mahali pa juu, akafa jioni. Ndipo ukungu hurusha mbegu nyingine kuwanasa wenzake. Binadamu haumdhuru.

Wapo wanaosema, basi tuuache ukungu utufanyie kazi. Mimi sikubali. Mwaka 2005 watafiti walieleza jaribio la kijijini Lupiro, karibu na Ifakara, ambako vitambaa vyeusi vyenye ukungu wa namna nyingine, unaoua mbu, vilitundikwa ndani ya nyumba. Mbu 23 hivi katika kila 100 waliambukizwa. Ni kazi nzuri, lakini hesabu mwenyewe waliobaki.

Nzi jike hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja, na penye joto yai huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi. Ukungu utashindana vipi na choo kisicho na mfuniko, na samadi iliyolundikwa mlangoni? Yule nzi anayetua machoni mwa watoto na kueneza trakoma huzaliana katika kinyesi cha watu kilichoachwa wazi vichakani. Chimba choo, ukifunike.

Linaloniudhi zaidi ni wale wanaochukua dawa ya kunyunyizia mahindi shambani wakainyunyiza jikoni. Hiyo ndiyo sumu yenyewe, nayo hutua kwenye vyombo na maziwa ya watoto. Kama chupa yake imo ndani, itoe leo uifungie mbali. Nzi wa ukutani unaweza kumwacha hata kesho, awaambukize wenzake.