Unga Usio na Sura

Ziko nyumba nyingi katika nchi yetu ambamo dhania huchanua na kupukutika bustanini, matawi ya rozimari hukatwa uani yakatupwa jaani, na jioni ile ile mtoto hutumwa dukani kununua pakiti ya unga wa viungo. Hivyo twalipia harufu tuliyoitupa kwa mikono yetu. Desturi hii, ewe msomaji kijana, ni ya hasara, na wewe ndiwe wa kuikomesha.

Fedha ni hasara ndogo. Iliyo kubwa ni kula tusichokijua. Mbegu nzima ya bizari ina sura: waweza kuitazama, kuivunja kwa jino na kuinusa. Unga hauna sura. Mwaka 2005, huko Uingereza, mamia ya aina za vyakula ziliondolewa madukani kwa sababu pilipili ya unga iliyotumiwa ilikuwa na Sudan I, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa katika chakula. Huko Bangladesh, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa unga wa manjano ulitiwa rangi yenye madini ya risasi ili upendeze macho. Na madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto.

Tena, soma maandishi ya pakiti. Kilicho kingi ndicho hutajwa kwanza. Ikiwa chumvi imetangulia, umenunua chumvi kwa bei ya bizari. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku. Mpishi atiaye chumvi chunguni, kisha akaongeza unga huo, ametia mara mbili bila kujua.

Wako wasemao kwamba kukausha ni kazi ndefu. Sikubali. Kata matawi ya rozimari asubuhi, umande ukiisha; yafunge vishada vidogo, uyaning'inize kivulini penye upepo. Usiyaanike juani, kwa maana harufu yake ni mafuta mepesi yarukayo kwa joto. Siku zitapita nawe ukiendelea na masomo yako. Tangawizi ikate vipande vyembamba, uvianike hata vivunjike vikipindwa. Majani ya dhania hayafai kukaushwa, kwani harufu yake hupotea. Iache izae, ukusanye mbegu.

Karafuu, iliki na mdalasini haviwezi kuota katika kila shamba. Nunua, lakini nunua vizima. Kwa pilau, chukua bizari nyembamba kuliko vyote, kisha pilipili manga, mdalasini na iliki, na karafuu chache tu, maana hushinda wenzake. Pasha moto bila mafuta mpaka vinukie, uviache vipoe, kisha utwange.

Wengine hutuonya kwamba vya nyumbani huota ukungu. Onyo hili ni la kweli. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu, na watu 125 wakafa. Lakini msiba ule watufundisha kukausha vema, wala hautufundishi kuacha kukausha. Jani lisilovunjika vidoleni halijakauka, na lisiingie chupani. Chupa iwe kavu, ifungwe sana, iwekwe mbali na mwanga. Na chochote kilichoota ukungu kitupwe chote.

Bibi zetu wa pwani walikuwa na kinu na ungo, nao walijua kila kilichoingia chunguni. Sisi tulio na vitabu hatuna udhuru wa kujua machache kuliko wao. Basi shule itakapofungwa, isome pakiti iliyoko jikoni kwenu, uwasomee na wazazi wako. Kisha jaza chupa moja kwa mkono wako, na nyumba nzima ionje.