Mbwa Naye Aenda Pwani

Mama mmoja wa milima ya Upare atuuliza swali ambalo kwanza laweza kuchekesha. Likizo ya Desemba bwana wake ataazimwa pikapu na ndugu yake, nao wote watashuka kwenda Pangani kukaa wiki mbili kwa shemeji. Watoto hawajapata kuiona bahari. Walakini wamesema kwa kauli moja kwamba mbwa wao asipokwenda, wao nao hawapandi garini. Mama ataka kujua kama ni jambo la busara kumchukua.

Pengine msomaji atasema, ya nini kujaza gazeti habari za mbwa? Lakini fungueni Kitabu cha Tobiti. Kijana Tobia aanza safari yake ndefu ya kwenda Media, malaika Rafaeli kando yake, na mbwa afuatana nao. Wanaporudi, mbwa yupo tena. Mwandishi hakuona aibu kumtaja, basi nasi tumjibu mama.

Mbwa aweza kwenda. Ila mjue kwamba mbwa akiwa nyumbani ni shauri lenu ninyi. Akishuka mlima na kufika Pangani amekuwa shauri la watu wengi wasiomjua.

Tuanze na kichaa cha mbwa, maana hapo pana uhai wa watu. Kirusi chake kimo katika mate ya mnyama mgonjwa, nacho humwingia mtu kwa kuumwa, au mate yakigusa kidonda. Dalili zikisha kuonekana, karibu hakuna aponaye. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na katika kila kumi, wanne hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliumwa na mbwa.

Angalieni yaliyotokea Pemba. Mbwa wa kisiwa kile walichanjwa, na mwaka 2014 ugonjwa ukakoma. Mwaka 2016 ukarudi. Pemba na bara zimetengwa na maji ya kilometa 50 hivi, wala kirusi hakijui kuogelea. Wataalamu walipochunguza asili yake waliona kimetoka nje ya kisiwa. Ikabidi kuchanja upya, kijiji kwa kijiji, na mwaka 2018 ukakomeshwa tena. Mbwa mmoja mgonjwa akivushwa, kazi ya miaka yaharibika.

Kwa hiyo, mama, mpeleke mbwa kwa bwana mifugo mwezi mzima kabla ya safari, si jioni ya kuamkia safari. Chanjo yataka wiki tatu au nne mwilini ipate nguvu, nayo hurudiwa kila mwaka. Chukua cheti chake, na papo hapo uulize habari za kibali cha kumsafirisha mnyama. Na ikiwa mtoto ataumwa na mbwa huko pwani, au hata na huyu wenu, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo muda wa dakika 15, kisha hospitali siku ile ile. Msitie pilipili, wala mafuta ya taa. Tangu Louis Pasteur alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9, mwaka 1885, njia ya kumwokoa aliyeumwa yajulikana. Wanaokufa siku hizi, wengi wamechelewa kwenda au wameikosa dawa karibu.

Sasa barabara. Mbwa wenu amezoea ubaridi wa mlimani, nanyi mwampeleka tambarare za Same na Mombo wakati wa kaskazi, joto la mwaka. Mtu hutoa jasho mwili mzima. Mbwa hutoa kidogo tu katika nyayo, na hujipoza kwa kuhema ulimi nje. Hewa ikiwa moto, kuhema hakumfai kitu. Nje kukiwa na digrii 30, ndani ya gari lililofungwa juani hufika 40 kwa dakika 10 hivi, na karibu 50 kwa nusu saa. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Mkisimama kula, basi, mbwa ashuke naye, akae kivulini na apewe maji. Kule nyuma ya pikapu bati huunguza nyayo, na mbwa aliyefungwa kamba shingoni aweza kuruka akajinyonga gari likienda. Tenga imara lenye kivuli, lililofungwa lisiteleze, lafaa zaidi. Akianza kuyumba na kutoa mate mengi, mlowesheni maji na kumpepea, msingoje kufika. Ondokeni alfajiri.

Ufukweni asinywe maji ya bahari, kwani chumvi humtapisha na kumharisha. Chukueni dumu la maji ya kisima. Samaki aliyetupwa na mawimbi asimguse: pengine ni bunju, na sumu ya bunju huua mbwa kama iuavyo watu. Tena kasa hutaga mayai katika mchanga wa pwani ile, na mbwa ni hodari wa kufukua. Usiku afungwe.

Limebaki la shemeji, nami naliona kubwa kuliko mnavyodhani. Majirani zake wengi ni Waislamu, nao wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi. Kwao mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee aliyekwisha tawadha, akiguswa na pua ile yenye maji, yambidi arudi nyumbani akajioshe, na sala yamngoja. Si kwamba wamchukia mnyama. Mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo wanaruhusiwa kwao. Watoto wenu waelezwe hayo kabla ya kupanda gari, wasije wakacheka mtu akikwepa njiani. Mbwa asiachwe kuzurura uani kwa watu, wala karibu na visima na vyombo vyao.

Na shemeji mwenyewe aulizwe mapema, si kushtukizwa mlangoni. Ninyi mtakaa wiki mbili na kuondoka. Yeye atabaki na majirani wale. Akisita, mbwa abaki kwa babu, pamoja na unga wa kumtosha siku zote kumi na nne. Watoto watanuna mpaka Mombo, pengine mpaka Korogwe, kisha wataanza kuuliza bahari iko wapi.