Futiresti Mpya Kwa Nduthi ya Sports: Wasee wa Kitui na Makueni, Mnanunua Raha Ama Mnanunua Balaa?

Kama uko na nduthi ya sports na unaishi popote kati ya Mwingi na Mtito Andei, hili swali lishakusumbua: nitoe futiresti zilizokuja na nduthi niweke zile za aluminiamu zinazong'aa, ama niziache venye ziko? Kwenye TikTok kila msee ni kama ashaweka. Fundi anakuambia ni kazi ya nusu saa. Mabeshte nao wanakuchoma eti bila hizo, Pulsar yako inakaa nduthi ya kubeba mitungi ya maji.

Tulia kwanza, tupige hesabu pamoja. Hapa hatubongi kuhusu stika ama taa za rangi. Futiresti ndiyo inabeba uzito wako, ndiyo mguu unaegemea ukibadilisha gia, na hapo hapo ndipo breki ya nyuma inakanyagiwa. Ukikosea stika utachekwa. Ukikosea futiresti utajipata Wote, hospitali ya rufaa, ukiangalia dari.

Kwanza, hii luku ilitoka wapi?

Si jana na si India. Vijana wa Uingereza miaka ya 1950 na 1960, wale waliokuwa wakikutana Ace Cafe kule London, ndio walifanya hii kitu ikavuma mtaani. Walikuwa wanachukua pikipiki ya kawaida, wanateremsha usukani, wanapandisha futiresti juu na kuzirudisha nyuma ili walale kwenye tanki kama wasee wa mashindano. Hadi leo hizo futiresti za kurudishwa nyuma mafundi wanaziita riaseti.

Na kwa mbio zina maana kabisa. Nduthi ikiinama kwenye kona, mara nyingi kitu cha kwanza kugusa lami ni futiresti. Ukiipandisha, unapata nafasi ya kuinama zaidi kabla chuma hakijakwaruza. Ukiirudisha nyuma, kifua kinashuka, upepo unakupita juu, na mguu unapata nguvu ya kusukuma mwili kutoka upande mmoja hadi mwingine. Msee anayepeleka supabaiki yake kwenye uwanja wa Whistling Morans pale Athi River anajua anachonunua.

Swali ni wewe. Ni wapi hapa Ukambani utainama hivyo?

Cheki barabara zetu bila kujidanganya

Chukua Mombasa Road. Kipande cha Makueni, kutoka Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi hadi Mtito Andei, ni mstari mrefu wenye trela mbele na trela nyuma. Hapo hauhitaji kuinama, unahitaji macho, kioo na breki. Chukua ile ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui mjini. Tangu iwekwe lami imekuwa tamu sana, na wasee wengi wanaipenda juu magari ni machache. Lakini punda hajui kuna lami mpya. Mbuzi pia hajui.

Kona za ukweli ziko Mbooni na milima ya Kilungu kuelekea Nunguni. Hapo sawa, kuna kupinda. Lakini mvua ikinyesha, mchanga na mawe madogo yanateremka hadi kwenye lami, kona huoni mwisho wake, na matatu inaweza kukuja ikiwa imekula nusu ya upande wako. Tairi itateleza kabla futiresti haijagusa chini. Kwa hivyo ile nafasi ya kuinama uliyolipia, hautaitumia. Na kama unaitumia pale, shida yako si futiresti tena.

Halafu kuna kitu wauzaji hawakuambii: mchanga. Ukitoka lami kuingia ndani ndani, Zombe, Ikutha ama Kathonzweni, unapata murram, makorongo na mito mikavu yenye mchanga mzito. Msee yeyote wa boda atakuambia kwenye mchanga unataka gurudumu la mbele liwe jepesi, na kwenye mashimo unainuka kidogo ili miguu ibebe mwili badala ya kiti. Riaseti inafanya kinyume. Inakulaza mbele, uzito unaenda kwa viganja na kwa gurudumu la mbele, gurudumu linachimba, nduthi inayumba. Kuinuka nako ni ngumu juu miguu iko nyuma ya mwili badala ya kuwa chini yake.

Na magoti? Futiresti ikipanda, goti linakunjika zaidi. Kona tano za selfi hautasikia kitu. Lakini Kitui hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 150, na ukifika unatembea kama mzee aliyetoka kupalilia. Kama nduthi yako ni Yamaha R15, jua kiwanda kishakuwekea futiresti juu na nyuma. Ukiongeza hapo ni kama kutia sukari kwa soda.

Lakini kuna wenye wako na sababu

Tusiwe watu wa kukataa kila kitu. Kuna wasee watatu wenye wanaweza kuweka futiresti za duka na nikawaelewa.

Wa kwanza ni yule anayeenda uwanja wa mbio kweli, si wa kusema tu.

Wa pili ni yule ambaye mwili wake haukai vizuri kwenye nduthi. Ni mrefu, ama aliumia mguu, ama nyonga inamsumbua. Kuna futiresti za kurekebisha zenye matundu kadhaa, unaweza kuzipandisha ama kuziteremsha hadi upate mahali panakufaa. Kwa huyu futiresti mpya ni kama kurekebisha kiti cha gari. Inaweza kumfanya aendeshe salama kuliko mwanzo.

Wa tatu ni yule alianguka na ile ya kiwanda ikavunjika, na spea haipatikani karibu. Akipata ya duka iliyo imara na inayotoshea nduthi yake sawasawa, hiyo ni bora kuliko kuchomelea kipande kilichokatika. Aluminiamu iliyovunjika ikichomelewa na mtu hajui, inakatika tena, na inakatika siku umeikanyaga kwa nguvu. Yaani siku ya breki ya ghafla.

Kama hauko kwa hao watatu, wewe unanunua luku. Hakuna kosa kununua luku. Lakini jiambie ukweli kabla doh haijatoka mfukoni.

Ukiamua kuweka, kagua hivi

Kitu cha kwanza ni breki. Ukihamisha futiresti, unahamisha pedali ya breki ya nyuma na fimbo yake. Ikikosewa, breki inashika nusu ama inabaki imeshika hadi diski inachemka. Kuna pia swichi ndogo inayowasha taa ya nyuma ukikanyaga. Mafundi wengi wanaisahau. Trela iliyo nyuma yako usiku pale Kiboko haitajua umefunga breki.

Kitu cha pili ni gia. Fimbo ikigeuzwa, gia zinaweza kubadilika mpangilio, ya juu ikawa chini. Wasee wa mbio wanapenda hivyo. Wewe ukiwa umezoea miaka mitano venye iko, siku ya presha mguu utafanya ulichozoea, na injini itajibu tofauti.

Kitu cha tatu, angalia kama futiresti inakunjika. Za kiwanda zinakunjika juu zikigusa chini. Za bei rahisi nyingi ni chuma kimoja kisichokunjika. Ukiinama na hicho chuma kikagonga lami, kinaweza kuinua gurudumu la nyuma, na hapo hakuna ufundi wa kukuokoa.

Cha nne ni silensa na stendi. Nduthi nyingi zina silensa iliyoshikiliwa na ile ile mkono ya futiresti ya abiria. Ukitoa hiyo mkono, silensa inabaki inaning'inia. Stendi nayo inaweza kugonga sehemu mpya isifunguke vizuri.

Cha tano ni bolti. Barabara zetu zinatetemesha kila kitu. Futiresti za kiwanda mara nyingi zina mpira wa kupunguza huo mtetemo, hizi za kung'aa mara nyingi hazina. Weka gundi ya bolti, kaza kwa kipimo, halafu rudi ukague baada ya kilomita 100. Ikiwa fundi anacheka ukitaja kipimo, beba nduthi yako uende kwa mwingine.

Na abiria wako je?

Hapa ndipo stori inakuwa serious. Seti nyingi za mbio ni za mtu mmoja. Ukifunga, futiresti za nyuma zinatoka. Kwa uwanja hakuna abiria, kwa hivyo hakuna shida. Lakini hapa kwetu nduthi moja inafanya kazi ya watu wote. Jumamosi unapiga misele, Jumatatu mwaitu anataka kupelekwa kliniki, jioni sista anatoka shule. Watakanyaga wapi?

Mguu unaoning'inia uko kati ya cheni, gurudumu na silensa ya moto. Kisigino kikiingia kwenye gurudumu, ni mfupa na ngozi vinaenda pamoja. Na abiria asiye na pa kukanyaga hawezi kujishikilia ukifunga breki, anakulalia mgongoni na nyote mnaenda mbele. Kwa hivyo ukitoa futiresti za nyuma, umeamua nduthi ni ya mtu mmoja. Usimbebe mtu. Hata kama ni hapo tu.

Wasee wa boda, na nyinyi msicheke. Kuna binamu wa hii stori kwenu. Ile chuma inayochomelewa ubavuni mwa Boxer ili mama aliyekaa upande apate pa kuweka miguu, ama ndefu zaidi ili mshonane watatu. Nia ni nzuri, mama amevaa leso na hataki kupanua miguu. Lakini Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema pikipiki ya magurudumu mawili inabeba abiria mmoja tu, na akae mguu huku na mguu kule. Hiyo chuma pia inachomoza nje, inashika kichaka, inashika mtu anayetembea, na nduthi inalemea upande mmoja.

Karao na bima

Je, utashikwa kwa kubadilisha futiresti? Sheria hiyo hiyo inataka kila sehemu ya chombo iwe katika hali ambayo haihatarishi watumiaji wengine wa barabara wala waliobebwa. Futiresti nzuri iliyofungwa vizuri haina kesi. Ile inayocheza cheza ama iliyozima taa ya breki, hiyo ni kesi yako. Na mwelekeo wa serikali ni kukaza. Mwaka wa 2025 NTSA ilitoa rasimu ya kanuni zilizotaka hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne yawe yakikaguliwa kila mwaka.

Bima nayo, kama umechukua ile kubwa badala ya ile ya kulinda wengine pekee, waambie kabla ya kubadilisha. Kampuni ikikuta mabadiliko ambayo haikuambiwa, inaweza kupata sababu ya kukuzungusha siku unadai. Simu moja haigharimu kitu.

Usisahau hii pia: tangu 2021, kila mwaka zaidi ya watu 4,000 wamekufa barabarani Kenya, na waendesha pikipiki ni sehemu kubwa sana ya hao. Wengi hawakufa juu ya kukosa nafasi ya kuinama kwenye kona.

Kwa hivyo, uweke ama usiweke?

Kama unaenda uwanja, weka. Kama mwili wako unauma, weka zile za kurekebisha, na uziteremshe ikiwezekana. Kama yako imevunjika, nunua imara, inayokunjika, yenye kutoshea modeli yako na si "inaingia tu".

Kama ni luku, hiyo doh ina kazi bora. Tairi nzuri zitakushikia kwenye kona za Mbooni kuliko futiresti yoyote. Pedi mpya za breki zitakusimamisha punda akitokea Mutomo. Helmeti ya ukweli, na ya pili ya abiria, italinda kichwa ambacho ndicho kinafikiria kununua hizi vitu. Ukimaliza hizo tatu na bado kuna ganji imebaki, basi weka futiresti zako zing'ae, buda, hakuna mtu atakukataza.

Ila zile za nyuma ziache. Mwaitu bado ana kliniki Jumatatu.